Je, 1,022,117 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha pili hapa Ujiji, Kigoma. Twisheni tumeambiwa 1,022,117 ni namba tasa kwa sababu ukiiongezea 1 inagawanyika kwa 6, na yenyewe haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Nimejaribu kwa kikokotoo, kweli inabakiza. Je, inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na namba yenyewe si tasa: 1,009 × 1,013 = 1,022,117.

Hesabu zako ziko sawa. Hizo 7, 11 na 13 ungeweza kuzimaliza kwa mkupuo mmoja: kata tarakimu tatutatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu, 117 − 22 + 1 = 96. 96 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, basi na namba nzima haigawanyiki. Njia hii ya mkato naikubali kwa kuwa ina msingi: 7 × 11 × 13 = 1,001.

Hiyo ya 6 ndiyo inayonikera, na kila mwaka naletewa. Ni kweli kila namba tasa inayozidi 3 inapakana na kigawe cha 6. Lakini 25 nayo inapakana na 24, na 35 inapakana na 36! Kila mgebuka ni samaki. Si kila samaki anayeshushwa Kibirizi ni mgebuka. Kuligeuza jambo hilo mbele ya wanafunzi ni kuwapotosha.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta kipeuo cha pili. Hapa ni 1,011 kasoro kidogo. Gawa kwa kila namba tasa isiyozidi hapo. Zilizo chini ya 1,000 ni 168, na zote zinabakiza. Ya 169 ni 1,009, nayo ndiyo inayoingia. Ninyi mliishia ya sita.

Kabla ya kugawa kote huko, angalia mraba ulio juu yake: 1,011² = 1,022,121. Umezidi kwa 4, yaani 2². Basi namba yako ni 1,011² − 2², sawa na (1,011 − 2)(1,011 + 2). Tofauti isipokuwa mraba, jaribu 1,012², kisha 1,013². Ila vigawo vikiachana sana, safari hiyo ni ndefu kuliko kugawa.

Na msinunue zile “fomula za namba tasa” zinazosambazwa kwenye simu. Mojawapo ni n² + n + 41. Kuanzia n = 0 hadi 39 inatoa namba tasa mara 40 mfululizo, na hapo ndipo watu wanapoamini. Weka n = 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41.