Tangi kubwa la samaki wa maji ya chumvi: kabla hujanunua kifaa, uliza kikigoma kitagoma vipi

Umeme ulikatika saa nane za usiku. Dakika chache baadaye nikakanyaga zulia lililolowa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa, kwa taulo zote za nyumba na shuka mbili, tochi nimeing'ata kwa meno. Na kwa kuwa yalikuwa maji ya chumvi, yalipokauka yaliacha ukoko mweupe kwenye miguu ya kabati ambao naukwangua mpaka leo.

Hakuna kifaa kilichokuwa kimeharibika. Kosa lilikuwa la hesabu, tena hesabu ya darasa la tano. Tangi langu lina urefu wa sm 180, upana sm 60 na kimo sm 60. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo tunaloliita sampu: maji hushuka humo kwa bomba, husafishwa, kisha pampu huyarudisha juu. Pampu ikizimika, bomba la kurudishia huanza kunyonya. Maji hushuka kwa njia ileile yaliyopandia, mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Mdomo huo nilikuwa nimeuzamisha sm 5. Zidisha 180 kwa 60, utaona kila sentimita ya maji pale juu ni lita 10.8. Sentimita 5 ni lita 54. Sampu yangu ilikuwa na nafasi ya lita 30.

Tangu siku hiyo sinunui kitu cha tangi kabla ya kujiuliza: hiki kikigoma, kitagoma vipi, na mimi nikiwa wapi?

Kwa hiyo nunua sampu kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye kabati lako, kisha usiijaze. Nafasi tupu ndiyo unayoilipia. Mdomo wa bomba la kurudishia uweke karibu kabisa na uso wa maji, na utoboe kitundu kidogo juu yake ili hewa iingie mapema. Kitundu hicho huzibwa na mwani, kwa hiyo kila wiki kipitishie kijiti. Kuna vali za kuzuia maji yasirudi, nami niliifunga moja. Miezi michache baadaye niliifungua nikakuta chembe ya ukoko wa chokaa imekaa kwenye ulimi wake. Ulikuwa haufungi tena. Ukitaka, weka vali hiyo, lakini panga mambo yako kama vile haipo.

Bomba la kushushia nalo lisiwe moja. Konokono mmoja wa ukubwa wa kidole gumba anatosha kuliziba, na hapo pampu itaendelea kupandisha maji mpaka tangi la juu lifurike. Weka bomba la pili la dharura, kavu, mdomo wake juu kidogo ya usawa wa kawaida wa maji. Na mabomba yawe ya plastiki. Viungo vya shaba viache nje ya mfumo wote, kwa sababu shaba ikiyeyuka majini huua kamba, konokono na matumbawe.

Pampu. Boksi la yangu liliandikwa lita 6,000 kwa saa. Niliiwasha, nikakinga ndoo ya lita 20 kule juu, ikajaa kwa sekunde 24. Piga hesabu: lita 3,000 kwa saa, nusu ya ilivyoandikwa. Si uongo hasa. Namba ya boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote, ilhali yangu inayapandisha zaidi ya mita moja na kupita kona nne. Tafuta jedwali linaloonyesha pampu inatoa kiasi gani kwa kila kimo, na punguza kona. Kwa tangi lenye lita mia sita hivi, lita 3,000 kwa saa kupitia sampu zinatosha kabisa. Mkondo mkali ambao matumbawe yanautaka utoke kwa pampu za mawimbi zinazobandikwa ndani ya tangi, na hizo nunua mbili, moja kila upande, ili moja ikifa maji yasisimame. Maji yakisimama, samaki huishiwa oksijeni kabla ya tatizo lingine lolote kufika.

Hita ndiyo inayonitisha kuliko vyote, kwa sababu ina namna mbili za kugoma, na ile mbaya zaidi ni kugoma ikiwa imewaka. Watu hununua moja ya wati 600 kwa sababu ni nafuu na haichukui nafasi. Ikikwama ikiwaka, hiyo inaweza kupandisha lita 600 kwa karibu digrii moja kila saa. Ukirudi jioni umekuta supu. Nunua mbili za wati 300. Moja ikikwama, joto litapanda polepole na utawahi kuligundua. Moja ikizimika kabisa, ya pili itapunguza makali ya baridi. Juu yake weka kidhibiti joto cha pembeni kitakachokata umeme maji yakizidi digrii 27. Hita zenyewe mimi naziweka digrii 25. Kama unaishi kwenye joto, tatizo lako litakuwa kupoza, na feni ndogo inayopuliza juu ya sampu husaidia kuliko inavyoonekana, ila maji yatapungua haraka zaidi.

Na yakipungua, yanayoondoka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi. Kijazio cha otomatiki ni kitu kizuri sana, lakini usikiunganishe moja kwa moja na bomba la nyumba hata fundi akikushawishi vipi. Kiache kinywe kutoka kwenye dumu la lita 20. Kikikwama kikimwaga dumu lote, chumvi itashuka kutoka 35 hadi kama 34 kwa kila elfu, na samaki hawatajua. (Hii pia ni sababu nyingine ya ile nafasi tupu kwenye sampu.)

Skima sina maneno mengi. Hutengeneza povu la viputo vidogo linalonasa uchafu na kuutoa kwenye kikombe, uchafu wenye rangi ya chai na harufu usiyotaka kuelezwa. Angalia inataka maji ya kina gani kwenye sampu, na kama kikombe kinatoka bila kubomoa kabati. Siku za mwanzo itafoka ovyo. Iache itulie.

Umeme nao: soketi zote ziwe juu kuliko maji, kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likishuka lianguke sakafuni. Kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme ukianza kuvuja, si cha hiari, maana mkono wako utakuwa majini kila siku. Ila usichomeke kila kitu kwenye kimoja: hita ikivuja umeme, kitazima na pampu pia. Gawanya kwenye viwili.

Kabla ya kutia chumvi, jaza tangi maji ya kawaida na uliendeshe kwa wiki. Uhakikishe kwanza sakafu inabeba. Maji, kioo, mawe na kabati kwa tangi kama langu vinakaribia tani moja. Kisha zima swichi kuu makusudi, ukae chini na rula mkononi utazame sampu inajaa mpaka wapi. Mimi nilizima mara sita. Ya kwanza niliishika rula huku moyo unanidunda. Ya sita nilikuwa nakunywa chai.

Taa? Ndizo kila mtu huanza nazo, nami nilizinunua mwezi wa nne tangu niwe na tangi, nilipoanza kufikiria matumbawe. Samaki peke yao hawahitaji zaidi ya taa ya kukuwezesha kuwaona.