Nyumba bei chee kisa vibaka: angalia njia kwanza

Mkuu, umeuliza kama uchukue ile nyumba ya Temeke inayouzwa bei chee kwa sababu mtaa una vibaka. Nina nyumba ya urithi Kiwalani, nimepangisha vyumba kwa muda mrefu, na nilichokiona ni kwamba bei hushushwa zaidi na njia ya kuifikia nyumba kuliko nyumba yenyewe.

Vyumba vyangu vya mbele vilikuwa 60,000 kwa mwezi. Vya nyuma, vinavyotazama uchochoro, nilishusha hadi 40,000 na bado havikukaa na mtu. Dada wa watu akishaporwa simu mara moja, anahama. Kisha ukaja mradi wa DMDP wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015, tukapata lami, mitaro na taa za barabarani. Bajaji zikaanza kuingia usiku, muuza chipsi akabaki nje mpaka saa nne, na kibaka hapendi kuonekana. Tofauti ya kodi kati ya mbele na nyuma ikapungua sana bila mimi kupaka hata rangi.

Kuta ndefu zenye vyupa juu nazipinga kabisa. Zikijipanga pande zote mbili za njia, ukikabwa humo hakuna anayekuona. Jirani yangu alishusha ukuta wake hadi usawa wa kifua, juu akaweka nondo, na tunaopita pale wote tumenufaika.

Hofu ya tukio moja hupita. Septemba 2022 Panya Road, lile kundi la vijana wenye mapanga, walipovamia Zingiziwa kule Chanika, wapangaji wapya walianza kuniuliza ulinzi kabla ya maji, ingawa Chanika iko mbali nasi. Baada ya muda maswali yakaisha.

Kinachonitisha ni pagale, yaani nyumba iliyotelekezwa bila mtu. Taa mtadai manispaa, ulinzi shirikishi mtachangishana, lakini pagale ambalo ndugu wanagombea mirathi hakuna wa kuliziba, na mateja watalala humo miaka.

Kwa hiyo shuka kituoni saa mbili usiku, utembee hadi getini na mwenyeji. Muulize mjumbe kila pagale la jirani ni la nani. Kama kinachokosekana ni taa tu, nunua, na tumia giza hilo kuomba punguzo. Ukikuta pagale lenye kesi ya mirathi, achana na nyumba hiyo hata dalali akishusha tena.