RAID 1 pekee haitoshi kwa bakapu
Je, RAID 1, yaani diski mbili zinazohifadhi data ileile, inatosha kuzuia bakapu isiharibike kimyakimya? Hapana, pekee haitoshi. Biti ikigeuka bila diski kuripoti kosa, RAID ya kawaida hukupa ilichokisoma. Hata ikilinganisha diski zote mbili, haijui ipi ni sahihi. Tumia ZFS, mfumo wa faili, na uiache yenyewe inakili data kwenye diski mbili: kila bloku (kipande cha data) ina alama yake ya uhakiki, hivyo bloku mbovu hugunduliwa na kurekebishwa kutoka diski ya pili. Ila ZFS hukagua kile kinachosomwa tu, na bakapu hukaa miezi bila kuguswa. Kwa hiyo endesha `zpool scrub`, amri inayosoma na kuhakiki data yote, kila mwezi, kisha `zpool status -v` kuona matokeo. Safu ya CKSUM (idadi ya makosa ya uhakiki) ikionyesha zaidi ya 0, kagua kebo ya SATA na RAM kabla ya kununua diski mpya. Faili iliyoharibika kabla ya kunakiliwa ZFS haiioni kabisa. Kwa hiyo hifadhi matokeo ya `sha256sum`, amri inayotoa alama ya uhakiki ya faili, tangu kwenye chanzo ili ulinganishe baadaye.