Ofisi tatu, fomu zilezile, na mtoto haongei

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Columbus, Ohio, mwanangu ana miaka miwili na miezi minne hajaanza kuongea, akitaka maziwa ananivuta mkono mpaka kwenye friji. Daktari kanipa karatasi, WIC, wale wa chakula cha kina mama na watoto, wakanipa namba nyingine, deikea wanasema nisubiri, kila ofisi fomu zilezile jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, nimechoka. Eti ni sababu nyumbani tunaongea Kiswahili?
Mama J.

JIBU: Marahaba mama. Hilo la Kiswahili achana nalo kabisa, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea, we endelea kumuimbia na kupiga naye stori kama kawaida.

Ila kusubiri usisubiri. Kuna huduma inaitwa Early Intervention, ya watoto chini ya miaka mitatu wanaochelewa kukua au wenye ulemavu, na mzazi mwenyewe unapiga simu kuomba mtoto apimwe, barua ya daktari si lazima. Kupimwa ni bure, mkalimani pia omba usilipie, na kama una mtoto mkubwa usimgeuze kuwa mkalimani maana haya si mambo ya mtoto kubeba. Wakishapokea ombi wana siku 45 za kumpima na kukaa na wewe kupanga huduma kama anastahili, kwa hiyo andika tarehe uliyopiga.

Akistahili mnapewa kodineta, yaani mratibu wa huduma zake, huyo mng'ang'anie, kuunganisha hizo ofisi ndo kazi yake na halipwi na wewe. Zamani huko Ohio huduma ya kutembelea familia nyumbani ilikuwa idara ya afya, Early Intervention idara ya watu wenye ulemavu, deikea idara nyingine, mpaka 2023 ndo wakaunda idara moja ya watoto na vijana wakavileta pamoja. Huko juu wameungana sawa, huku chini kaunta ni zilezile, na Head Start, ile chekechea ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, hela yake inatoka serikali kuu Washington moja kwa moja. We tembea na bahasha moja tu yenye kopi za cheti cha kuzaliwa, chanjo, bima na bili yenye anwani.

Akifika miaka mitatu Early Intervention inaisha anahamia upande wa shule za wilaya, na kikao cha kumhamisha kinatakiwa kifanyike si chini ya siku 90 kabla ya bethidei. Ukiomba zimebaki chini ya siku 45 wanaweza wasimpime wakakuelekeza shule moja kwa moja, kwa hiyo piga wiki hii.

Na masikio je, wameshampima? Hujasema. Muulize daktari.