Jeni tawala haienei kwa sababu tu ni tawala
Wapo wanaodhani kwamba jeni tawala (jeni ni kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi kwa wazazi) mwishowe itamfikia kila mtu. Hapana, si kweli. Kutawala maana yake nakala moja inatosha sifa ionekane. Hakuipi jeni nafasi kubwa zaidi ya kurithiwa. Mzazi bado anatoa nakala moja tu kati ya mbili alizonazo, na kila moja ina nafasi sawa.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme 10% ya nakala zote ni tawala na watu wanaoana bila kujali sifa hiyo. Watoto 1% watakuwa na nakala mbili, 18% moja, 81% hawana kabisa. Wenye nakala moja, nusu tu ya nakala zao ni tawala, kwa hiyo 1% jumlisha nusu ya 18% unapata 10% ileile! Aliyemaliza ubishi huu ni mwanahisabati, G. H. Hardy wa Cambridge, kwa barua fupi katika jarida la Science mwaka 1908. Daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg alifikia jibu hilo mwaka huohuo kivyake.

Ila uteuzi asilia (wenye sifa zinazofaa mazingira kuacha watoto wengi zaidi), uhamiaji, au bahati tu katika jamii ndogo, huweza kuubadilisha uwiano huo.