Ukimtaka mtu safi kwenye Kamati ya Maliasili, anza kumpigania mapema

Huku kwetu Iringa watu hubishana hadi usiku kuhusu ubunge na udiwani, lakini siku ya kuchagua Kamati ya Maliasili ya Kijiji wengi wako shambani. Inaniuma. Wajumbe wa kamati ndio wanaofanya doria msituni, wanaokamata chenso (misumeno ya mashine) usiku, wanaotoza faini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Msitu huo si kama shamba la Sao Hill kule Mufindi, lililo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Mninga wa kijiji ukivunwa kwa utaratibu, fedha inakwenda kwenye zahanati na madawati yenu.

Uchaguzi uliopita nilimpigia debe mama mmoja mrina asali. Nilimjua kutoka VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, alikokuwa mweka hazina. Daftari alikuwa analisoma mbele ya wanachama bila kuombwa. Hata hivyo nilimwuliza swali ambalo ninakushauri umwulize kila mgombea: mtoto wa kaka yako akikamatwa na magogo, utafanya nini? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema atamwandikia faini kama mtu mwingine yeyote, halafu atakwenda mwenyewe kwa kaka yake kabla habari haijamfikia. Nikaridhika, maana alikuwa ameshayafikiria maneno ya nyumbani. Nimeona wajumbe wengi wakishindwa na lawama za ukoo kuliko hata na rushwa.

Kampeni msiifanyie kilabuni. Wanaovuna mbao kiholela wana fedha ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kuliko nyinyi, mkianza kushindana kwa ndoo mmekwisha. Sisi tuliwafuata wanaouhitaji msitu ukiwa umesimama: kina mama wanaookota kuni, na uyoga mvua zikianza, wenye mizinga, na wenye vinyungu, bustani za mabondeni, ambao kila kiangazi wanaona kijito kikipungua. Hao hawakuhitaji hotuba. Walihitaji kujua tarehe ya mkutano na kuhakikishiwa kwamba kura yao haitawaponza.

Hapo kwenye kuponzwa pana kazi kubwa. Desturi yetu ilikuwa kunyoosha mikono. Sasa mkulima aliyekopa mbolea kwa mfanyabiashara wa mbao atanyooshaje mkono dhidi ya mtu wa tajiri huyo, naye tajiri amekaa pale mbele anaangalia? Tulimwendea mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mapema, kwa heshima, tukiwa na wazee wawili, tukaomba kura ya siri. Mngeomba siku yenyewe mngeambiwa muda hautoshi. Karatasi za daftari zilizokatwa na ndoo yenye mfuniko vilitosha kabisa. Mama akapita.

Ukishamsaidia mtu kupata nafasi hiyo, usimwache msituni peke yake. Toa vijana wa kumsindikiza doria. Kabla ya msimu wa moto kichaa, jitokeze kusafisha njia za kuzuia moto, na uje na panga lako.

Halafu mwulize hesabu, tena hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni haki ya kila mwanakijiji. Mimi niliyemfanyia kampeni ndiye niliyesimama wa kwanza kuuliza faini ngapi zimetozwa na stakabadhi ziko wapi. Wengine walidhani nimemgeuka. Kumbe kitabu cha stakabadhi kilikuwa ofisini, naye alikuwa amekiomba mara kadhaa bila kupewa. Swali lilipoulizwa mbele ya watu wote, kililetwa palepale, naye akasimama akatusomea ukurasa kwa ukurasa.