Jioni ya Wanafunzi Tumeila Sisi Walimu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, wanafunzi wa shule za bweni waongezewe uhuru, au ratiba ikazwe? Nimefundisha shule za upili za bweni nchini Kenya kwa miaka 19, sita kati ya hiyo nikiwa naibu wa mwalimu mkuu anayeshughulikia nidhamu, na jibu langu ni kwamba ratiba ikifuatwa kama sheria inavyotaka, uhuru mwingi wanaouomba wanafunzi umo humohumo.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, ambazo zinahusu pia shule za upili, zinataka masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri, ndipo michezo na vyama vifuate. Katika shule za bweni, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu usiku ni muda wa mwanafunzi kufanya alichojipangia mwenyewe. Baada ya hapo ni prepu, yaani kujisomea usiku, hadi saa tatu na nusu, kisha kulala mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Linganisheni hayo na shule nyingi tunazozijua. Kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri, na ile jioni yao hugawanywa kati ya walimu wanaokimbizana na silabasi. Asubuhi moja, nikiwa mwalimu wa zamu, nilimkuta mvulana wa kidato cha pili amelala wima kwenye foleni ya uji, kikombe kikining'inia kidoleni, huku mwenzake wa nyuma akimsukuma taratibu kwa kiwiko kila foleni iliposogea. Adhabu ya kusinzia darasani wakati huo ilikuwa kupiga magoti nje, na aliyeiandika ni mimi.

Mwaka uliofuata baraza la wanafunzi, ambalo wenzao walilichagua kwa kura, lilileta ombi. Nilitarajia kusikia habari za simu na nywele. Waliomba warudishiwe jioni yao, nao kengele ya prepu wataipiga wenyewe. Tulibishana katika mkutano wa walimu mpaka giza likaingia, tukakubali tujaribu muhula mmoja. Wiki mbili za kwanza zilikuwa makelele matupu, na wavulana wawili walikamatwa nje ya ua. Baadaye yakazuka mambo ambayo hakuna mwalimu aliyeyapanga: drafti chini ya mwembe, kikundi cha kutengeneza redio mbovu, wengine wakifua, wengine wakifundishana Fizikia, na wengi, naamini kwa haki yao, wakilala. Kengele haikuchelewa hata siku moja, kwa kuwa aliyeipiga alijua angewajibika mbele ya wenzake waliomchagua.

Sisemi kila jambo lipigiwe kura. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unaagiza milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Hapo mwanafunzi hana la kuchagua, na mwalimu mkuu pia hana. Inaniuma kwamba tunasimama gwarideni tukikagua urefu wa nywele za watoto mmoja mmoja, ilhali usiku hakuna anayekwenda kuujaribu mlango wa bweni kuona kama unafunguka. Tumelegea pale palipotakiwa ukali, na ukali huo tumeuhamishia kwenye jioni ya mtoto.

Ombi langu kwa bodi za shule ni dogo. Ratiba inayofuatwa kweli, si ile inayotolewa kabatini wakaguzi wanapofika, ibandikwe langoni pamoja na saa ya kuamka, wazazi waisome siku wanapokuja kuwaona watoto wao.